Mstari wa Mendoza: Jina la Mtu Linapogeuka Kipimo

Wahenga walisema kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii yasadifu mno historia ya istilahi moja ya upigaji katika mchezo wa besiboli nchini Marekani, yaani "Mstari wa Mendoza". Makala haya yanadhamiria kueleza maana na asili ya istilahi hiyo, pamoja na funzo lake kwa mwanafunzi wa semantiki.

Kwanza, tuifafanue maana. Katika besiboli, mpigaji hushika gongo na kujaribu kuupiga mpira anaorushiwa na mtupaji wa timu pinzani. Akifika kituoni salama kutokana na pigo lake, huhesabiwa kuwa amefaulu. Idadi ya mapigo hayo ikigawanywa kwa idadi ya majaribio yanayohesabiwa, hupatikana wastani wa upigaji. Mstari wa Mendoza ni wastani wa .200, yaani kufaulu mara 1 katika kila majaribio 5. Aghalabu, anayeshuka chini ya hapo huonekana hastahili nafasi katika ligi kuu.

Mendoza mwenyewe ni nani? Mario Mendoza alizaliwa Chihuahua, Meksiko, mwaka wa 1950, akaanza kuichezea Pittsburgh Pirates mwaka wa 1974. Mwaka wa 1979, akiwa na Seattle Mariners, alishiriki mechi 148 na kupata wastani wa .198. Inasimuliwa kwamba wenzake wawili, Tom Paciorek na Bruce Bochte, walimtania George Brett wa Kansas City Royals, aliyekuwa ameanza msimu vibaya, kuwa asipojihadhari angeshuka chini ya Mstari wa Mendoza. Brett alimsimulia Chris Berman, mtangazaji wa runinga ya ESPN, naye akaueneza utani huo kotekote. Ajabu ni kwamba Brett alimaliza msimu wa 1980 kwa wastani wa .390! Siku hizi hata wachambuzi wa siasa na biashara hulitumia jina hilo kumaanisha kiwango cha chini kabisa kinachovumilika.

Je, Mendoza alitendewa haki? Mwaka wa 1980 alipata .245, na wastani wake wa jumla katika ligi kuu ni .215. Naam, yeye mwenyewe yu juu ya mstari unaoitwa kwa jina lake! Isitoshe, kwao Meksiko alipewa lakabu ya "Mikono ya Hariri" kwa ustadi wake wa kudaka, na mwaka wa 2000 aliingizwa katika jumba la mashujaa wa besiboli wa nchi hiyo. Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Mpigaji dhaifu asiye na kipaji kingine huachwa mapema, na wastani wake husahaulika. Mendoza alipangwa mara 148 kwa sababu mikono yake ilihitajika. Kwa hivyo, ubora wake ndio uliouweka udhaifu wake hadharani.

Kiisimu, nomino ya pekee ikishageuka nomino ya kawaida, humwacha mwenyewe nyuma. Ndivyo Abu Nuwas, mshairi wa Baghdad, alivyogeuka Abunuwasi, mjanja wa ngano zetu. Yatupasa basi tunapofafanua neno la aina hii tuitaje maana yake, kisha tumrudishie mwenye jina wasifu wake.