Laini moja, mizigo mingi: nani apite kwanza?

KILOSA ndipo reli ya Kidatu, ipitayo Mikumi, inapoachana na Reli ya Kati. Kwenye njia moja treni hupishana stesheni tu: moja husubiri, nyingine hupita. Intaneti ya biashara nayo yataka mpangilio huo.

Mwenye nyumba ya wageni Mikumi anayetegemea laini moja huonja hasara jioni. Wageni warudipo kutoka hifadhini na kufungua video, mashine ya kadi huganda mteja akiwa kaunta, na simu ya intaneti hukatika sauti.

Swichi yenye mipangilio huweka kila mzigo kwenye foleni yake. Kanuni ya 802.1p ina madaraja 8, kuanzia 0 hadi 7. Sauti aghalabu hupewa 5, kwani ikichelewa zaidi ya milisekunde 150 wazungumzaji huanza kukatizana. Malipo yaweza kupewa 3. Video za wageni zibaki 0. Foleni ya sauti iwekewe kikomo, isije ikazinyima nyingine.

Wenye mitaji midogo watahadhari kabla ya kununua. Swichi nyingi za bei rahisi hazina mipangilio hiyo. Tena msongamano mkubwa huwa kwenye ruta, laini inapotoka nje. Hapo kasi ya kutuma iwekwe chini kidogo ya ile inayopatikana kweli. Kwa duka la Kilosa lenye kompyuta mbili na mashine ya kadi, ruta nzuri yaweza kutosha.

Kipaumbele hakipanui njia. Laini ikijaa kutwa nzima, fedha iende kwanza kwenye laini kubwa, swichi baadaye.