Nani Amelipia Utafiti wa Mwani?

Bamvua linapofika na maji yakatoka, akina mama wa Bwejuu hushuka pwani kufunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizonyooshwa baina ya vigingi. Kilimo hiki kilianza kibiashara pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989. Mwani mkavu huuzwa nje, ukatolewa karaginani, kitu kinachofanya aiskrimu, maziwa ya chokoleti na dawa ya meno viwe vizito.

Karaginani hiyo ina mabishano yake. Mwaka 2001 Dkt. Joanne Tobacman wa Marekani alichapisha mapitio ya majaribio ya wanyama na kuonya kuwa huenda inadhuru utumbo. Miongoni mwa tafiti zilizompinga, zimo zilizofadhiliwa na wenye viwanda. Mwaka 2014 kamati ya wataalamu ya FAO na WHO haikuona tatizo katika maziwa ya watoto wachanga, mradi isizidi miligramu 1,000 kwa lita. Miaka miwili baadaye, bodi inayoshauri kuhusu kilimo hai Marekani ilitaka iondolewe. Serikali ikaibakisha mwaka 2018.

Sasa msomaji asiye mkemia ashike lipi? Mimi humwambia aanzie mwisho wa makala, kwenye aya fupi ya tamko la mgongano wa maslahi. Mgongano wa maslahi si wizi. Ni pale mtafiti anapokuwa na mshahara, hisa, hataza au safari iliyolipiwa na mtu, mambo yanayoweza kumvuta upande mmoja bila mwenyewe kujijua. Fomu ya kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba humtaka ataje kila msaada alioupata kwa kazi hiyo, kisha malipo mengine ya miezi 36 iliyopita.

Mvuto huo umepimwa. Mwaka 1998 Deborah Barnes na Lisa Bero walichambua mapitio 106 kuhusu madhara ya moshi wa sigara kwa asiyevuta. Mapitio 39 yalisema haudhuru, na 29 kati ya hayo waandishi wake walikuwa na uhusiano na kampuni za tumbaku. Walipima pia ubora wa kazi, mada na mwaka wa kuchapishwa. Ni uhusiano huo peke yake ulioendana na hitimisho.

Hata hivyo, kuitupa kazi kwa sababu tu mwandishi ametamka maslahi yake ni kumwadhibu msema kweli. Kazi iliyotamkwa inaweza kurudiwa na mtafiti asiyelipwa na kiwanda. Iliyofichwa, siku ikifichuka, huchafua hata ukweli uliomo ndani yake, na wanunuzi wakikimbia, anayebaki na magunia ni mkulima wa Bwejuu. Ndiyo maana nadai uwazi uleule kwa tafiti zinazofanyika hapa Unguja: anayechunguza afya ya wakulima wa mwani aandike waziwazi kama boti, mafuta na posho vimetoka kwa mnunuzi wa mwani huo.