Kibali cha Ujenzi na Haki ya Mwananchi Kuiboresha Nyumba Yake

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii imewafunza wengi kutunza mali yao mapema, kabla hasara ndogo haijazaa hasara kubwa. Lakini mwenye nyumba wa leo katika Jiji la Mwanza, na hata ndugu yake wa Ukerewe au Ukara, aushikapo mwiko wa kuzibia ufa huo hujiuliza swali ambalo babu yake hakuwa na haja ya kujiuliza: Je, ukuta huu nautengeneza kwa ruhusa ya nani? Swali hilo ni la haki, na halina budi kujibiwa kwa lugha ambayo mwenye nyumba ataielewa.

Nyumba katika nchi yetu si kitu kinachojengwa mara moja na kukamilika. Nyumba hukua pamoja na wenyewe. Mtu huanza na vyumba viwili na paa la bati. Mavuno au samaki wakikubali, huongeza chumba cha watoto. Kijana akioa, hujengewa banda uani. Bibi naye hufungua genge au duka dogo barazani ili apate fedha ya chumvi na daftari za shule. Hivyo ndivyo watu wengi wa kipato cha chini wanavyopata makao. Hawakopeshwi na benki, bali hukopa kwa jasho lao wenyewe, tofali moja baada ya jingine. Kwa sababu hiyo, sheria inayotawala nyongeza na ukarabati inawagusa watu wengi kuliko ile inayotawala majumba ya ghorofa, ingawa ni majumba hayo yanayozungumzwa zaidi.

SHERIA INASEMAJE

Sheria ya Mipango Miji, Namba 8 ya mwaka 2007, ilichukua mahali pa sheria ya kikoloni ya mwaka 1956. Msingi wake ni mwepesi kueleweka: ndani ya eneo lililotangazwa kuwa la mipango miji, mtu haruhusiwi kuendeleza ardhi bila idhini ya mamlaka ya mipango, yaani halmashauri. Mwanza, iliyopandishwa hadhi kuwa Jiji mwaka 2000, na ambayo upande wake wa Ilemela ulipata halmashauri ya manispaa mwaka 2012, imeandaliwa pia Mpango Kabambe wa kuanzia mwaka 2015 hadi 2035. Mpango huo ndio dira ya kueleza wapi pawe makazi, wapi biashara, wapi barabara, na wapi paachwe wazi.

Katika vijiji mambo yana sura nyingine. Ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, na mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji ina sheria yake ya mwaka 2007. Basi mkazi wa mjini Nansio na mkazi wa kijiji cha ndani ya Ukara huweza kutofautiana katika mlango wanaopaswa kuubisha. Wananchi wengi hawaijui tofauti hii, na si ajabu wengine wakaombwa karatasi zisizowahusu, au wakaachwa bila kuombwa zile zinazowahusu.

Tusidhani kwamba kibali ni usumbufu mtupu. Afisa mipangomiji anapotazama ramani, hutazama kama jengo litaziba njia ya jirani au kuingia katika hifadhi ya barabara. Bwana afya hutazama choo kiko wapi, maji machafu yanakwenda wapi, na kama chumba kina dirisha la kuingiza hewa na mwanga. Mhandisi hutazama kama msingi utaubeba mzigo. Moto ukizuka, gari la zimamoto litahitaji mahali pa kupita. Kila mmoja wa watumishi hao analinda uhai wa mtu ambaye pengine hajazaliwa bado.

MILIMA YA MAWE

Mwanza hujulikana kwa mawe yake makubwa, na watu wamejenga nyumba zao katikati ya mawe hayo katika milima ya Igogo, Mabatini, Isamilo na kwingineko. Walifika kule kwa sababu ardhi tambarare ilikuwa haba au ya gharama. Mwenyeji wa mlimani akitaka kuongeza chumba hulazimika kukata udongo ulioegemea jiwe, na udongo huo ndio uliolishika jiwe lisibiringike. Mvua kubwa ikinyesha, maji hushuka kwa nguvu, huchimba misingi na kubeba takataka hadi ziwani. Kuchimba choo cha shimo juu ya mwamba ni kazi isiyowezekana, na kinachofurika huko juu humfikia mtu wa chini.

Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira ya Mwanza, MWAUWASA, imeunganisha baadhi ya nyumba za milimani na mabomba madogo ya majitaka yanayofuata miteremko. Hiyo ni hatua ya busara, kwani inaikubali nyumba ilipo na kuiboresha, badala ya kuipuuza mpaka siku ya kuibomoa. Lakini bomba la namna hiyo haliwezi kupita ikiwa kila mtu amesogeza ukuta wake hadi ukutani kwa jirani. Chumba kilichoongezwa bila kumwuliza mtu kinaweza kuinyima mitaa mizima huduma ya usafi. Hapo ndipo mwananchi anapoona kwamba kibali kinamlinda yeye pia.

MITA SITINI KUTOKA WAPI?

Kwa watu wa mwambao na wa visiwani, fungu zito kuliko yote limo katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Namba 20 ya mwaka 2004. Sheria hiyo inakataza shughuli za kudumu, au zile zinazoweza kuharibu hifadhi ya ufukwe, katika umbali wa mita 60 kutoka mwambao wa bahari na maziwa ya asili na kingo za mito. Katazo hilo halitofautishi mjini na kijijini.

Mtu wa kisiwani huuliza: mita 60 kutoka wapi? Naye haulizi kwa ukaidi. Ziwa Victoria halikai mahali pamoja. Kati ya mwaka 1961 na 1964 maji yalipanda kwa zaidi ya mita 2 na kumeza mashamba na makazi ya kandokando. Mwaka 2006 yalishuka mno, mialo ikabaki mbali na maji, na ardhi mpya ikaonekana. Mwezi Mei mwaka 2020 yalirudi juu na kukifikia tena kilele cha mwaka 1964, na mwezi Mei mwaka 2024 yakapita hata kilele hicho. Basi aliyejenga akiufuata ufukwe wa mwaka 2006, akadhani yuko mbali na maji, ameliona ziwa likimjia mlangoni bila kubisha hodi.

Historia hiyo inatufundisha mambo mawili. Kwanza, katazo la mita 60 lina hekima yake, kwani halilindi samaki na magugu peke yake, bali humwokoa mjenzi na hasara ambayo hakuna mtu atakayemlipa. Pili, katazo lisiloonekana kwa macho ni mtego. Mvuvi hana chombo cha kupimia, wala hana kumbukumbu za kina cha maji. Serikali inao wapima ardhi. Hapana budi mstari huo uhesabiwe kwa kuzingatia vilele vya maji vinavyojulikana, kisha uwekwe mawe ya mpaka katika kila kijiji cha mwambao, ili mtoto wa shule aweze kumwonyesha baba yake mahali pa kukomea.

Zaidi ya hayo, yapo makazi yaliyosimama ndani ya umbali huo kabla sheria ya mwaka 2004 haijatungwa. Wenye nyumba hizo huishi katika hofu: hawathubutu kubadili bati lililooza, wasije wakaambiwa wameanza ujenzi mpya. Nyumba huchakaa, choo hubomoka, na uchafu wake huingia katika maji yale yale ambayo sheria ilikusudia kuyalinda. Viongozi na walitafakari jambo hili kwa makini. Kumzuia mtu asiongeze jengo ufukweni ni sahihi; kumwacha gizani asijue kama anaweza kutengeneza choo chake hakumlindi yeye wala ziwa.

SAFARI YA KARATASI

Fimbo ya mbali haiui nyoka, na ofisi ya mbali haisimamii ujenzi. Wilaya ya Ukerewe ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya 380,000 katika sensa ya mwaka 2022, nao wametawanyika katika visiwa vingi. Mkazi wa Ukara anayetaka huduma ya makao makuu ya wilaya huvuka maji mpaka Bugolora, kisha hushika barabara mpaka Nansio. Hiyo ni njia ile ile ambayo kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018, na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha. Kumwambia mtu wa huko "njoo kesho" si neno dogo. Kesho yake ina nauli, ina mawimbi, na ina siku ya kazi iliyopotea. Saruji na mabati yake pia hupanda chombo, na kila mfuko hufika kwake ukiwa umeongezeka bei. Akiwa ameupata mfuko huo, hawezi kuuweka miezi mingi akingoja sahihi, maana saruji huganda.

Matokeo yake yanajulikana. Wako wanaojenga usiku, na wako wanaoinua kuta Jumamosi na Jumapili ofisi zikiwa zimefungwa. Siku moja mtumishi hufika na kukuta nyumba imekwisha ezekwa, naye huchora alama nyekundu ya X ukutani. Msingi ukizuiwa, hasara ni ya mifuko michache ya saruji; paa likibomolewa, hasara ni ya jasho la miaka. Usimamizi unaochelewa ni ghali kwa wote wawili, serikali na raia, tena huondoa imani.

FUNDISHO LA KWINGINE

Sheria yetu ya mwaka 1956 ilirithi fikra za sheria ya Waingereza ya mwaka 1947, na inafaa tutazame wenyewe wanavyoitumia fikra hiyo hivi leo. Katika wilaya za Uingereza, kazi nyingi ndogo za nyumbani zimekwisha kuruhusiwa mapema na amri moja ya nchi nzima, ya mwaka 2015. Mwenye nyumba iliyoungana na nyingine anaweza kwa kawaida kuongeza jengo la chini nyuma ya nyumba yake hadi mita 3, na mwenye nyumba iliyosimama peke yake hadi mita 4, bila kupeleka maombi ya kibali, mradi atimize masharti ya kimo na nafasi. Katika maeneo yenye hifadhi maalumu masharti ni makali zaidi. Maombi ya kawaida nayo yamewekewa lengo la kujibiwa katika majuma 8.

Hatusemi kwamba vipimo vya huko viletwe Nansio au Kirumba kama vilivyo. Viwanja vyetu, familia zetu na mvua zetu ni tofauti. Tunachokisifu ni ile busara ya kutenganisha kidogo na kikubwa, ili afisa asipoteze asubuhi nzima juu ya dirisha huku ghorofa likiinuka bila mkaguzi.

WAJIBU WA PANDE MBILI

Kwa hiyo tunapendekeza kwa halmashauri za mwambao mambo manne. Kwanza, itangazwe wazi katika kila ofisi ya mtaa na kijiji kwamba kupiga lipu, kupaka rangi, kubadili bati, kuziba nyufa na kutengeneza choo pale pale kilipo ni ukarabati, wala si ujenzi mpya. Pili, nyongeza ndogo zipokelewe na mtendaji wa kijiji au mtaa kwa fomu fupi na mchoro wa mkono, na mwombaji apewe stakabadhi yenye tarehe ya jibu. Tatu, maofisa wa ardhi, afya na ujenzi wawe na siku zinazojulikana za kuvitembelea visiwa vikubwa, ili kibali kimfuate mwananchi. Nne, ukali wote wa sheria uelekezwe kwa majengo ya biashara, ya ghorofa, na yale ya ndani ya mita 60, bila kujali mwenye nalo ni nani. Sheria inayomwona mvuvi na kufumba macho mbele ya tajiri hupoteza heshima kwa wote.

Nanyi ndugu wananchi mna wajibu wenu. Ulizeni kabla ya kuchimba msingi. Wekeni stakabadhi na ramani zenu mahali pakavu. Mwachieni jirani njia, na ziwa ukingo wake. Msimpe mtumishi chochote ili afumbe macho, kwa kuwa jicho lililofumbwa kwa fedha leo laweza kufumbuliwa kesho na mwingine, na X ikachorwa vile vile.

Nyumba bora ni afya, ni elimu ya mtoto asomaye chini ya paa lisilovuja, na ni heshima ya mzee. Serikali inayotaka wananchi wake waishi katika nyumba bora haina budi kuifanya njia ya kuzipata iwe fupi, nyoofu na yenye kueleweka. Maofisa wa mwambao wanazo sheria mkononi. Kinachosubiriwa na watu wa visiwani ni kuwaona wakishuka kivukoni, na kipimo cha ardhi begani.