Mpaka wa Besi na Sauti Nyembamba

Ardhi ya Katanga, huko Kongo, imeingia katika spika za dunia kwa milango miwili: shaba, inayofanywa waya wa koili, na kobalti, iliyokuwa ikitiwa katika sumaku za alniko hata vita vya Kolwezi vya mwaka 1978 vikapaisha bei yake, na watengenezaji wengi wakahamia sumaku za feraiti. Koili ya shaba haikuondoka. Ndiyo, pamoja na kapasita, inayoigawa sauti kati ya wufa, spika ya besi, na tweta, spika ya sauti nyembamba.

Mpaka wa mgawo huo ukiwekwa hezi 2500 kwa spika za omu 8, hesabu ya awali hutaka koili ya milihenri 0.5 na kapasita ya mikrofaradi 8. Kichujio hiki sahili hupunguza sauti desibeli 6 tu kwa kila oktava, na sauti zake mbili hujumlika pasipo kupishana wakati, ilhali tweta hubaki ikifikiwa na besi isiyoistahimili. Mfumo wa desibeli 24, alioueleza mhandisi Siegfried Linkwitz mwaka 1976, huihami tweta barabara, lakini huizungusha awamu, tena hudai koili zaidi, na kila koili hula nguvu.

Uchaguzi wa mpaka huo ni mgumu zaidi ya hesabu. Lisikilize gitaa la Jean Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville, Likasi ya leo, katika Katanga hiyo hiyo, mwaka 1952: kidole gumba hushika besi, na cha shahada hutembea juu. Kwa mpaka wa hezi 2500, mwili wa uzi hubaki katika wufa na mguso wa kidole huenda katika tweta, pale pale ambapo sikio la mwanadamu lina makali mengi. Tena wimbi la masafa hayo lina urefu wa sentimita 14 hivi, pungufu ya upana wa wufa ya sentimita 20, kwa hiyo sauti hubanwa ielekee mbele, na aliyekaa ubavuni huikosa. Ukiushusha mpaka, wa ubavuni atasikia, na tweta itaelemewa.

Kwa spika ya kanisa au baa, mimi ningeushusha na kuchagua mteremko mkali, kama ule wa desibeli 24, maana tweta huungua kwa urahisi. Na koili ya wufa ningeifanya ya waya mnene usio na kiini cha chuma, kwani chuma huokoa shaba lakini hushiba usumaku pindi besi inapozidi, kikaichafua sauti.