Akina Wafula Wasirundikwe Katika Diski Moja

Ipo dhana miongoni mwa walimu wetu kwamba kompyuta ikichelewa kutoa rekodi za wanafunzi, dawa yake ni kununua diski kubwa zaidi. Dhana hii haina mashiko. Vichwa vya kusomea vya diski inayozunguka hubebwa pamoja, navyo havina budi kwenda kila mahali rekodi iliko. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika hukamilisha mzunguko mmoja kwa takribani sehemu 8 za elfu moja za sekunde. Ukijumlisha muda wa vichwa kusogea, rekodi zilizotawanyika husomwa mia moja hivi kwa sekunde. Foleni ya kisiagini haipunguzwi kwa kupanua ghala la mahindi, bali kwa kuongeza visiagi. Vivyo hivyo, hifadhidata yafaa igawanywe katika diski kadhaa zinazofanya kazi kwa wakati mmoja.

Lakini igawanywe kwa kigezo gani? Hapa ndipo sisi wanaisimu tunapopata la kusema.

Kigezo kinachomjia mtu upesi ni alfabeti. Tuseme rekodi za wanafunzi wa Likuyani, kaskazini mwa Kaunti ya Kakamega, zimepangwa kwa majina ya kienyeji katika diski 4: A hadi F, G hadi L, M hadi S, na T hadi Z. Miongoni mwa Wabukusu walioko huko, mvulana aliyezaliwa wakati wa mvua huitwa Wafula, wa mavuno Wekesa, wa njaa Wanjala. Wasichana ni Nafula, Nekesa na Nanjala. Kiambishi Wa- ni cha kiume, Na- ni cha kike. Matokeo yake ni kwamba wavulana wengi watasongamana katika diski ya nne na wasichana katika ya tatu, ilhali ya kwanza inasinzia. (Mwalimu aliyezoea kuita rejista huko anajua jinsi herufi W isivyoisha.) Hata diski za kisasa zisizozunguka, japo zina kasi kubwa, haziponyi mgao mbaya.

Laiti mtaalamu angesahau majina! Hifadhidata ikatwe vipande vilivyo sawa: cha kwanza kiende diski ya kwanza, cha pili ya pili, cha tano kirudi ya kwanza. Hapo akina Wafula watatawanyika, na diski zote zitafanya kazi.

Hata hivyo, mgao huu una hatari yake: diski moja ikiharibika, hifadhidata nzima huvurugika. Ndiyo sababu Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipopendekeza mwaka 1988 kuunganisha diski nyingi za bei nafuu, walisisitiza kuwepo kwa data ya ziada ya kurejeshea ile iliyopotea. Lakini hata kinga hiyo imo ndani ya chumba kile kile, na Kakamega ni nchi ya radi. Nakala nyingine na iwekwe katika jengo jingine.