Mwana Mwenye Mbio na Chuo Kimfaacho

Jumapili moja baada ya ibada alitujia mzee mmoja wa usharika wetu, mkononi ana karatasi mbili zilizokunjwa mara nne. Ilikuwa ni barua pepe itokayo katika chuo kimoja cha Marekani, aliyokwenda kuichapisha mjini, nayo ni ya Kiingereza. "Mwalimu," akasema, "nisomee polepole. Mama yake amekwisha kupika pilau, nami sijajua bado tunashangilia nini."

Mwanawe amemaliza kidato cha sita. Ni mkimbiaji wa meta 5,000, tena ni kijana apendaye miti tangu utoto. Bustani ya miche iliyo nyuma ya nyumba ya mwalimu mkuu aliipanda yeye. Tuliisoma barua ile mara mbili. Habari za mbio zilikuwamo katika kila fungu. Habari za masomo zilikuwamo katika sentensi moja, ya kwamba chuo kina masomo mengi mazuri. Jioni tulitazama orodha ya masomo yao katika intaneti, na elimu ya misitu haikuwamo kabisa. Basi tukaona yafaa kuyaandika hapa, maana walimu wengi huletewa barua kama hizi, na wazazi hutia sahihi kwa furaha kabla ya kuuliza neno.

Njia hii si mpya. Vijana wa Afrika Mashariki wamekwenda kukimbia na kusoma katika vyuo vya Marekani kwa zaidi ya miaka 50. Suleiman Nyambui wa Tanzania, aliyepata medali ya fedha ya meta 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso. Mike Boit wa Kenya, aliyepata medali ya shaba ya meta 800 huko Munich mwaka 1972, alisoma New Mexico, kisha hakuishia hapo: alikwenda Stanford, kisha Oregon akapata udaktari wa elimu, akarudi kwao kuwa profesa wa elimu ya michezo katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Miguu yake ilipochoka, kazi yake ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Naye Henry Rono, mzaliwa wa Nandi, alikimbia kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington. Mwaka 1978, katika siku 81 tu, alivunja rekodi nne za dunia: meta 10,000, meta 5,000, meta 3,000, na meta 3,000 za kuruka viunzi na maji. Olimpiki hakuikimbia hata mara moja, kwa kuwa Kenya ilijitoa mwaka 1976 na tena mwaka 1980. Baadaye alishikwa na ulevi, akapita katika miaka migumu ya ugenini kabla ya kuuacha. Alifariki mwaka 2024. Hatusemi kwamba chuo ndicho kilichomponza, wala kwamba shahada humkinga mtu na chupa. Twasema tu kwamba mtu aliyekuwa wa kwanza duniani hakupata kwa mbio zake maisha ya kutulia, na mwana wa jirani yetu si wa kwanza duniani. Ni wa tatu katika mkoa.

Turudi kwa kijana wetu. Tulimwita, akaja na daftari. "Shikamoo, Mwalimu." Tukamwuliza swali moja kabla ya mengine yote: mguu wako ukivunjika mwezi wa pili, utataka kuendelea kukaa katika chuo hicho? Akanyamaza kitambo kirefu. Akasema, "Kile cha barua, hapana." Baba yake akatutazama kana kwamba tumemwibia ng'ombe.

Walakini swali hili si la kumvunja mtoto moyo. Ufadhili wa michezo waweza kuandikwa kwa mwaka mmoja mmoja, au kwa miaka kadhaa. Hayo huwa yameandikwa katika karatasi yenyewe, nayo yasomwe kabla ya sahihi. Yaulizwe wazi: akiumia, msaada utabaki? Akibadilisha somo? Je, unalipa ada tu, au na chumba, chakula, vitabu na bima ya matibabu? Kocha aliyemwita akihamia chuo kingine, jambo litokealo sana, nani atamjua?

Kisha kuna jambo ambalo wazazi hawalijui, nasi tulilijua kwa kuelezwa na waliopita huko. Mchezaji wa mpira ana msimu wake na mapumziko yake. Mkimbiaji wa mbio ndefu ana misimu mitatu: mbio za nyika tangu Septemba hata Novemba, mbio za ndani ya ukumbi wakati wa theluji, kisha mbio za uwanjani mpaka mwisho wa masika yao. Kanuni za NCAA, chama kisimamiacho michezo ya vyuo vingi, katika daraja la kwanza zinaweka kikomo cha saa 20 za michezo kwa juma wakati wa msimu. Lakini saa za kusafiri katika basi na ndege hazihesabiwi humo. Sasa fikirini mwanafunzi wa misitu. Masomo yake hayako darasani tu. Yako maabara na porini, na mara nyingi huwekwa alasiri, saa zile zile ambazo kocha anapuliza filimbi. Hapo ndipo kijana mpole, asiyetaka kumwudhi mtu aliyemlipia tikiti, huambiwa achague somo jepesi zaidi. Hufika nyumbani baada ya miaka minne ana shahada ambayo hakuipenda siku ya kwanza wala ya mwisho.

Kwa hiyo twashauri kijana amwulize kocha hivi: katika wakimbiaji wako wa sasa, kuna wangapi wasomao somo hili? Naomba kuongea na mmoja wao. Kocha mwema hatachukia. Tena amwandikie mwalimu wa somo lenyewe, si kocha tu.

Viko vyuo ambako mambo mawili haya yanakutana vizuri. Tulimwonyesha kijana Chuo Kikuu cha Arizona Kaskazini, katika mji wa Flagstaff. Mji uko kwenye mwinuko wa karibu meta 2,100, sawa na Eldoret. Umezungukwa na misonobari, na chuo kina shule ya misitu. Timu yao ya wanaume ya mbio za nyika ilishinda ubingwa wa vyuo vya Marekani mara sita kati ya mwaka 2016 na 2022. Macho ya kijana yakang'aa. Ila tukamwambia na upande wa pili: penye mabingwa nafasi ni chache, na mkimbiaji wa kadiri aweza kuvaa sare miaka miwili asipande basi la mashindano. Ikiwa misitu yenyewe itamtosha siku hizo, na aende.

Vipo tena vyuo vidogo ambavyo watu wetu huvipita kwa sababu havitoi ufadhili wa michezo. Vyuo vya daraja la tatu la NCAA vimekatazwa kutoa. Hutoa msaada kwa kadiri ya uhitaji wa jamaa na bidii ya masomo. Huko mtoto hukimbia kwa kupenda, na kocha hana deni la kumdai. Katika chuo cha Williams, Massachusetts, siku moja ya Oktoba kengele hulia asubuhi, masomo yote husimama, na wanafunzi huenda kupanda milima. Chuo cha Dartmouth hakimo katika daraja hilo la tatu, lakini nacho hakitoi fedha kwa ajili ya mbio. Kina chama cha wapanda milima na waendesha mitumbwi kilichoanzishwa mwaka 1909. Kuingia katika vyuo hivi ni kugumu mno, tusidanganyane. Hutaka alama za juu kabisa.

Na nyumbani je? Mzee alituuliza hivyo kwa sauti ya chini, kama mtu aonaye haya. Hakuna haya. Chuo Kikuu cha Sokoine kiko Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, nacho hufundisha misitu. Huko mwanafunzi hujifunza miombo, miti ya kwetu yenyewe. Chuo cha Mweka, kilichofunguliwa mwaka 1963 kwenye mteremko wa Kilimanjaro, hufundisha utunzaji wa wanyamapori, na hapo kutembea mlimani ni sehemu ya somo. Michezo yetu ya vyuo haina fedha kama ile ya Marekani, na mkimbiaji hujifanyia mazoezi alfajiri peke yake. Hilo ni pungufu la kweli. Lakini aliyesomea misonobari Arizona naye hatakosa kazi huku, maana msitu wa kupandwa wa Sao Hill kule Mufindi una misonobari mingi, nayo huungua kama ya kwao.

Kijana aliandika barua tatu: moja kwa chuo kile cha kwanza, moja Flagstaff kwa walimu wa misitu, na moja Morogoro. Chuo cha kwanza kilijibu siku ya pili, kikamwuliza muda wake mpya wa meta 5,000. Flagstaff walijibu baada ya majuma matatu, kurasa mbili, na saa za masomo ya porini zimeandikwa humo. Ya Morogoro haijafika. Baba yake amezitia zote katika mkebe wa biskuti juu ya kabati, na kila jioni kijana hukimbia mpaka darajani na kurudi, kisha humwagilia miche.