Gitare moja tu, lakini akordi zijae

Vijana wengi wenye kupiga gitare katika chorale za hapa Kolwezi wanajua hii shida: umeme ukikatika, akordi zinasikika nyembamba, waimbaji wanazifunika. Bandugu, dawa si kununua gitare ingine. Mara nyingi dawa iko kwenye funguo za kukazia nyuzi.

Kwanza tukumbuke mwana wa jimbo letu. Mwenda Jean Bosco alizaliwa Bunkeya mwaka 1930. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimurekodi kule Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Ukisikiliza "Masanga", utazania ni gitare mbili. Kumbe ni moja, ya mbao, pasipo umeme: kidole gumba kinashika besi, cha shahada kinaimba juu. Sauti inajaa juu ya nyuzi zinalia pamoja, si juu ya nguvu ya mukono.

Namna ingine ya kupanga nyuzi inasaidia ile kazi. Kawaida, kutoka uzi munene mupaka mwembamba, tuko na mi, la, ré, sol, si, mi. Teremusha uzi wa 6, wa 5 na wa 1, kila mumoja ton moja. Utapata ré, sol, ré, sol, si, ré. Hauna aparei ya kupimia? Wa 6 na wa 1 ifuate wa 4, mumoja chini, mumoja juu. Wa 5 ufuate wa 3.

Sasa piga pasipo kufinya kitu: ni sol nzima. Inajaa kwa sababu ré na sol zinarudiliwa chini na juu, na uzi mumoja ukilia unatikisa wenzake. Laza kidole kimoja kesi ya 5, utapata do. Kesi ya 7, ré. Pale kwenye 7, unaweza kuacha uzi wa 1 wazi: nao ni ré, utaendelea kulia. Gumba lianzie uzi wa 5, ndipo besi itakuwa safi.

Ubaya uko: akordi za mineur zinakuwa nguvu kushika. Na ukirudisha nyuzi, kaza polepole. Uzi ukikatika siku ya Posho jioni, Siku ya Mungu chorale itaimba pasipo wewe.